Wivu wa Vidole Viwili

Niliuonea wivu mkono uliokatwa vidole. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili wanawake wa bombani wasipate cha kuongeza.

Mkono wenyewe ulikuwa wa mume wa jirani yangu hapa Mbeya. Yeye na mume wangu waliondoka pamoja wakati wa vita vya pili vya dunia, vijana wasio na ndevu, wakateremka pwani kutafuta kazi, wakaipata kwenye gudi, pale meli zinapotolewa majini zikatengenezwa. Yeye aliwekwa upande wa winchi. Siku moja waya ukamkamata mkono wa kushoto, vidole viwili vikabaki hukohuko. Sheria ya fidia ikamlipa. Alirudi Mbeya na mkono wenye bendeji, na kabla mvua hazijakatika nyumba yao ilikuwa na bati jipya na mkewe anakanyaga cherehani barazani.

Mume wangu alibaki gudini. Likizo moja alikuja kunioa, mimi nimetoka shule ya bweni darasa la kumi, najua Kiingereza na hesabu na sijui kunyamaza. Baadaye akarudi moja kwa moja. Vidole kumi, macho mawili, miguu miwili. Ukimtazama amesimama huoni kasoro. Mwambie atembee.

Kutoka sokoni hadi kwetu ni mlima. Mume wa jirani huupanda na gunia la mahindi begani, anapiga mbinja. Wangu alikuwa akisimama njiani, mikono kiunoni, akijifanya anautazama mlima Loleza kana kwamba hajawahi kuuona. Watu wakipita aliwasalimu kwa kuinua mkono tu, maana salamu ya mdomo ingemmaliza pumzi. Walidhani ana maringo ya pwani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni na gunia kichwani, na nilimchukia yule mwanamume mwingine kwa mbinja zake. Nilimchukia mkewe kwa kuwa na mume wa kumpigia kelele, akajibiwa kwa kelele. Nyumbani kwangu nikianza ugomvi nilishinda kila mara, kwa sababu mwenzangu hakuwa na pumzi ya kugombana. Hakuna ushindi mbaya kama huo.

Jirani yangu ni binti wa wafanyabiashara wa Kiislamu ambao babu zao walitoka pwani, na ulimi wake haujasahau asili yake. Alipenda kuniita bibi msomi. Siku moja alikuwa akishona pazia, nami nimekaa naye kwa sababu jua la Juni lilikuwa barazani kwake na si kwangu. Nikasema, labda kwa sauti iliyonitoka vibaya, kwamba na sisi tumefanya kazi gudi lilelile na hatukupata hata shati.

"Shoga," akasema bila kuinua macho, "mkono unaonekana. Kifua nani atakifungua achungulie?"

"Basi heri mumeo angekatwa kifua."

"Na wako angekatwa vidole, bibi msomi, leo usingekuwa unanitazama bati kama unataka kuling'oa."

Alicheka. Nami nilicheka, maana alikuwa amesema kweli. Nilirudi nyumbani nikamtazama mume wangu akikata muwa, nikahesabu vidole vyake vyote vizima nikiwa na hasira navyo. Huo ndio ubaya niliofikia.

Sasa niseme kazi yake, kwa sababu watu wakisikia meli wanadhani alikuwa anaona bahari. Alikuwa haoni bahari. Alikuwa tumboni mwa meli, penye boila, tangi kubwa la kuchemshia maji, na mabomba ya mvuke. Bomba la mvuke lazima livishwe, joto lisipotee na watu wasiungue, nalo walilivisha asbesto. Ni jiwe, lakini jiwe lenye nyuzi kama pamba. Unga wake waliuchanganya na maji ndani ya pipa wakaukoroga kama uji, wakaukandika kwa mikono. Hiyo ilikuwa nafuu. Shida ilikuwa kuvua la zamani. Walilivunja kwa nyundo, na vumbi likajaa mle ndani mpaka taa ikaonekana kama mwezi wenye ukungu. Walikula humohumo. Mume wangu alinisimulia akicheka kwamba siku za uvivu walifinyanga madonge ya asbesto mbichi wakapigana nayo, wakatoka weupe kama mizimu, msimamizi naye akawacheka.

Na alituletea zawadi. Kila mfanyakazi wa gudi aliyerudi nyumbani alileta kipande cha kitambaa cha asbesto, kizito, cheupe, cha ajabu kwa sababu hakiungui. Huku kwetu penye baridi, mtoto na moto hulala chumba kimoja, na kila mama ana hofu ya cheche. Mimi sikuwa na hofu. Nilitandika kile kitambaa karibu na jiko nikamlaza binti yangu juu yake. Cheche ikiruka inazimika yenyewe. Wanawake walikuja kutazama. Wakati huo, kwa mara moja katika maisha yangu, wivu ulikuwa wa wengine. Jirani alinibembeleza nimpe kipande awekee pasi ya mkaa. Nilimkatalia. Nilimwambia amwulize mumewe mbona hakuleta, au vidole vilivyobaki havikutosha kubeba.

Kikohozi kilipozidi, mama mkwe alipanda kutoka Rungwe kuja kumwona mwanawe. Ni mama mpole. Alikaa naye, akamsikiliza anavyovuta hewa, kisha akanijia jikoni akaniambia kwa upole uleule kwamba mwanawe amepigwa na pumzi za watu.

Mimi ni mtu wa Iringa, kwa hiyo ilibidi nielezwe. Kwa Wanyakyusa, kabila la mume wangu, mtu akirudi na mali akala peke yake, majirani hunung'unika. Hawaendi kwa mganga, hawafanyi kitu. Wananung'unika tu, na kunung'unika kwao kunageuka upepo wa baridi unaomwingia mtu mwilini. Tena ni haki yao, maana yeye ndiye aliyekosa. Mume wangu alirudi na baiskeli na santuri, na hakuchinja. Kwa nini hakuchinja? Kwa sababu ana mke msomi kutoka Iringa aliyesema ng'ombe wa kuchinjwa heri awe wa kukamuliwa. Hayo ya mwisho mama mkwe hakuyasema. Aliyasema kwa kutazama sufuria zangu.

Basi ikawa hivyo. Kila nyumba ya ukoo ilijua kinachomuua: uchoyo wa mkewe. Sikuweza kulala na jambo hilo. Kama angeuawa na Mungu ningenyamaza. Lakini mimi nimuue kwa kunyima watu nyama? Nilitaka mtu mwenye mamlaka aseme wazi, na aandike, ni nini kimekiingia kifua kile.

Nikampeleka Iringa. Tulipanda lori Uyole, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mtoto na magunia ya viazi, na vumbi la barabara lilipotufunika nilijifunika khanga nikalia kwa hasira kwa sababu nilijua vumbi hilohilo lilikuwa linampata na yeye. Dada yangu alitupokea kwa kamwene, salamu ya kwetu, na uji, na siku iliyofuata tukaenda hospitali kwenye mashine ya kupiga picha ya kifua.

Daktari alikuwa Mzungu mzee. Aliiweka picha penye mwanga akaitazama muda mrefu, kisha akamwuliza mume wangu kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza: ulikuwa unafanya kazi ya boila? Alituambia amekulia katika mji wa kuunda meli kwao Ulaya, na wanaume wa mtaa wake walivuta hewa namna hii, wakikaa vizingitini jioni kama wazee hali ni vijana. Nyuzi za lile jiwe zinaingia hazionekani, zinachoma nyama ya mapafu, mapafu yanageuka kovu. Kovu halivuti hewa.

Nikamwuliza dawa. Akasema hakuna. Nikamwuliza kwa hiyo huko kwao wanajua jambo hili tangu lini. Akanitazama, akasema tangu zamani. Alisema kwa aibu, lakini alisema.

Ndipo nikamwambia habari ya kitambaa. Aliomba mtoto, akamvua, akamsikiliza mgongo na kifua, akasema hasikii kitu, tungoje. Tungoje nini? Nilimfunga binti yangu mgongoni kwa nguvu mpaka akalia. Tuliporudi Mbeya jambo la kwanza nililofanya ni kukichukua kile kitambaa nikitupe motoni. Nilisimama pale kama mpumbavu nikikitazama. Hakiungui. Kilikaa juu ya makaa kizuri, cheupe. Nilikilowesha maji, nikachimba shimo nyuma ya choo, nikakifukia.

Daktari alitupa cheti, na alitueleza jambo jingine ambalo ndilo lililonirudisha Mbeya nikiwa nimesimama wima. Sheria iliyolipa vidole inalipa na maradhi ya kazi, lakini si kwa njia rahisi. Ajali ina saa yake na mashahidi wake. Ugonjwa lazima uthibitishe kwamba umeupata kazini, na dai lazima lifike ofisi ya kazi kabla mwaka haujaisha tangu mtu aache kazi. Ikishindikana huko, ipo njia ya mahakama, kuwashitaki waajiri kwa uzembe, nayo inataka wakili na umri mrefu. Ya tatu ni kuwaomba huruma. Mume wangu alikuwa ameacha kazi mvua za kwanza zilipoanza, na sasa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena juu ya Loleza.

Nilijaza dai mimi mwenyewe. Gudi walijibu kwamba huyo mtu aliacha kazi kwa hiari yake, tena alisema mwenyewe anakwenda kutibiwa ugonjwa wa kwao. Nikamgeukia mume wangu. Ulisema hivyo? Akasema alisema. Kwao mtu mzima hamwambii mkubwa wake wa kazi kwamba kazi yako imeniua. Ni utovu wa adabu. Unasema unaumwa ugonjwa wa nyumbani, mkubwa anaelewa, mnaagana vizuri. Waliagana vizuri kweli. Walipeana mikono.

Afisa wa kazi akatuita ana kwa ana, tuje na shahidi aliyemwona akifanya kazi ile. Shahidi alikuwa mmoja tu Mbeya nzima.

Nilikwenda kwa jirani asubuhi, mikono mitupu, kwa sababu ningepeleka mayai angesema nimekuja kununua ushahidi. Mumewe alikuwa anarekebisha mlango wa banda la kuku. Nilimweleza yote, picha, daktari, asbesto. Aliendelea kugongomea. Mkewe ndiye aliyejibu. Alisema mumewe amemalizana na gudi kwa salama, na hataki ajulikane serikalini kama mtu wa kesi.

"Wewe ulivionea wivu vidole vyake," akasema. "Sasa unataka na mdomo wake."

"Nautaka," nikasema. "Huo mdomo ulikula naye sahani moja ndani ya vumbi."

"Toka kwangu, bibi msomi."

Nilitoka. Nyundo ya mwanamume yule haikusimama.

Siku ya ofisini mume wa jirani alikuja. Sikujua kwa nini na sikumwuliza. Alikuwa amevaa koti na ameketi mwisho wa benchi, mkono mbovu mfukoni. Lakini aliyenikata maini ni mtu mwingine. Baba mkwe alikuwa amepanda kutoka Rungwe, kwa sababu kwao mgonjwa hapelekwi shaurini bila baba yake. Na baba mkwe akiwa ndani, mimi siingii.

Hili nalo lazima nilieleze. Kwa Wanyakyusa mkazamwana, mke wa mtoto, hamwoni baba mkwe. Si kwamba anamheshimu tu, hamwoni. Hataji jina lake wala neno linalofanana nalo. Akimsikia njiani anaingia majanini mpaka apite. Kwenye nyumba aliyomo hakanyagi. Mimi nilisomeshwa na misheni, ni Mlutheri, lakini miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimelishika, kwa sababu mume wangu aliniomba hilo moja tu. Mzee yule nilimjua kwa kikohozi chake cha kusafisha koo na kwa nyayo zake.

Kwa hiyo nilikaa nje chini ya dirisha na mtoto mgongoni, na karatasi zote nilimwachia mume wangu. Nilisikia kila kitu. Afisa, Mzungu kijana, alizungumza Kiswahili chake cha kusimama kila neno. Alimwuliza mume wangu habari za kazi, na mume wangu alianza vizuri, kisha kikohozi kikamshika, kikamkamata kabisa, nikasikia benchi likitikisika. Afisa akangoja. Kisha, nadhani ili ampumzishe, akamgeukia mzee, karani akitafsiri: je, katika ukoo wenu yapo maradhi ya kifua?

Baba mkwe alisafisha koo. Alisema hapana, ukoo wao hauna kifua. Angeishia hapo! Lakini ni mtu mkweli, alikuwa mbele ya serikali, na alitaka kusema kweli yote. Akasema mwanawe amepigwa na pumzi za watu. Alirudi na mali akala peke yake, watu wakanung'unika, na walikuwa na haki. Yeye baba anaomba serikali isiwaonee watu wa gudi, ambao walimlisha mwanawe miaka mingi. Dawa ni kuchinja.

Karani alitafsiri kwa ufasaha mno. Afisa akasema, bila ubaya, kwamba basi hata baba mzazi anakubaliana na gudi, ugonjwa ni wa nyumbani. Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Mume wangu bado alikuwa akikohoa.

Niliinuka nikaingia.

Sikufikiri. Watu wameniuliza baadaye kama nilifikiri. Nilimwona baba mkwe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mzee mdogo kuliko sauti yake, mwenye masikio ya mume wangu. Alipojua ni mimi alivuta nguo yake akajifunika kichwa, akageukia ukuta. Karani, Mnyakyusa, alisimama na kurudi nyuma kana kwamba nimeingia uchi. Mume wangu aliinamisha uso.

Nilisema Kiingereza. Nilifanya hivyo kusudi, ili angalau maneno yangu yasimfikie mzee. Nilimwambia afisa kwamba alimwuliza mzee habari za ukoo, na mzee amejibu: hakuna kifua katika ukoo. Hilo aliandike. Mengine hakumwuliza. Nilimwambia sheria haimwulizi baba anaamini nini, inauliza mtu alifanya kazi gani na daktari ameona nini, na daktari ameandika, cheti kile pale mezani. Nilimwambia kwamba mtu aliyekatwa vidole hakuna aliyemwuliza kama majirani zake walinung'unika. Mtoto aliamka akaanza kulia, nikaendelea kusema juu ya kilio chake.

Kisha nikamgeukia mume wa jirani, nikarudi kwenye Kiswahili. "Shemeji, sema ulichokiona. Ukinyamaza, nyamaza ukinitazama."

Alitoa mkono mfukoni. Alitazama ule mkono na si mimi.

"Tulikuwa tukikosa kazi ya winchi wanatuteremsha kwenye boila," akasema. "Huyu alikuwa huko siku zote. Tukivunja lile la zamani humwoni mwenzako. Tulikuwa tunatema mate meupe. Tulirushiana madonge yake, bwana, kama watoto. Hakuna aliyetuambia kitu."

Afisa alishika tena kalamu. Aliandika, kisha akauliza, kwa kawaida tu: kwa hiyo hata wewe ulikuwa unalivuta?

Niliona wazo likimfikia yule mwanamume. Nililiona likimwingia usoni, na naapa sikufurahi.

"Hata mimi," akasema.

Dai lilipokelewa kabla mwaka haujatimia. Mvua ya kwanza ilinyesha juma lililofuata.

Jirani alinijia siku ileile ya shauri, kabla sijamshusha mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni hakuingia. Alisema mumewe ametoka nyumbani mzima na amerudi anajisikiliza kifua. "Umenitilia ugonjwa nyumbani kwa mdomo wako. Vidole havikukutosha." Nikamwambia ampeleke Iringa akapigwe picha. Akasema hapelekwi. Nikamwambia dai nalo lina mwisho wake, na kwa mumewe huenda umeshapita, lakini mahakama ipo. Akasema, "Sitaki mahakama. Nataka kutojua." Alikuwa bado ana kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipoteza pale kwenye mwanga wa picha, na nilimwonea wivu na hicho.

Gudi waliandika tena. Walikuwa tayari kutoa kitu kwa huruma, mradi mume wangu akubali kwamba hataenda mahakamani. Mume wangu alitaka kukubali. Alichoka. Tuligombana, yaani mimi niligombana, naye akainua mkono wake kama anavyowasalimu watu njiani, akasema fanya utakavyo. Nilikataa ile huruma. Miezi ikapita, picha ikapelekwa kwa madaktari wengine, na mwisho ofisi ya kazi ikatuita. Walikubali. Maradhi ya kazi, yaliyopatikana gudini. Fidia ikaja, na wanawake wa bombani wakaanza kuniambia nina bahati. Mmoja alisema afadhali mimi, kifua kimelipa kuliko vidole. Nilimwagia maji ya ndoo. Maji tu, ashukuru.

Lakini mume wangu hakuwa nyumbani kuiona. Baba yake alimwita Rungwe. Mgonjwa wa namna ile hukaa kwao, na mimi kule singeweza kukanyaga, kwa kuwa nilikuwa nimemwona mzee na mzee ameonwa. Mpaka nipeleke ng'ombe wa kuosha jambo lile, boma lao lilikuwa limefungwa kwangu. Mama mkwe ndiye aliyekaa naye. Mama mkwe ndiye aliyemwinua mgongo apate kuvuta hewa, ndiye aliyemlisha ndizi zilizopondwa. Nilimwonea wivu mama yule mpole kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote mwenye bati. Mume ni wangu, ugonjwa nimeupigania mimi, na mwenye kushika kikombe ni yeye.

Nilisema sitapeleka ng'ombe. Nitaosha nini? Nilisema kweli. Nikashikilia hivyo mpaka mtu aliyetoka huko akaniambia sasa analala ameketi.

Nikanunua ng'ombe. Nilimswaga mwenyewe siku nzima na nusu kuteremka Rungwe, na mtoto mgongoni, matope mpaka magotini, nikimtukana yule mnyama njia yote kwa Kihehe. Nilipofika nilisimama nje ya migomba kama inavyotakiwa, nikageuka mgongo. Sikuomba radhi. Nilileta ng'ombe, basi. Nilisikia wanaume wakija kunipokea kamba, nikasikia koo likisafishwa, nikajua yupo nyuma yangu, hatua chache tu.

Alikuwa na haki ya kuondoka bila kusema. Hakuondoka. Alimwita mkewe, akamwambia kwa Kinyakyusa, polepole, ili nami nisikie:

"Mwulize. Hilo vumbi, huwa linatoka?"

Mama mkwe alikuja akasimama mbele yangu na swali lile mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Nami sikungoja aniulize. Nilijibu nikiitazama migomba, kwa sauti ya kumfikia mzee nyuma yangu.

"Halitoki, baba."

Nilisikia nyayo zake zikienda mbali, upande wa nyuma ya nyumba, kunipisha njia. Mama mkwe akanipokea mtoto, nikaingia ndani kwa mume wangu.